UNAUZA LAMBALAMBA? MATONE YANAKUFUKUZIA WATEJA KIMYAKIMYA



Leo tuongelee kitu kidogo ambacho wauzaji wengi wa vitu vya baridi hatukipigii hesabu. Ni tone. Lile tone la juisi linalotoka kwenye lambalamba, linashuka kwenye kijiti, linaingia kwenye vidole, linatembea mpaka kwenye kiwiko, mwisho linatua kwenye shati.

Simama stendi ya Karatu saa saba mchana siku ya jua, utasikia maongezi kama haya:

"Mama, mchukulie mtoto lambalamba, jero tu."

"Hapana baba, ana shati jeupe huyu. Tunaenda Arusha, atajichafua garini."

"Basi toa mia nne, mama yangu."

"Sio hela, mwanangu. Nikamfulie wapi njiani?"

Umeona hapo? Muuzaji kashusha bei, na bado hajauza. Tatizo halikuwa bei na wala halikuwa ladha. Mama anaogopa doa. Na huku kwetu doa sio mchezo, vumbi letu jekundu mnalijua. Sukari ikishakauka kwenye nguo inanata, vumbi linakaa juu yake, hapo sabuni ya kipande inaisha na doa bado lipo.

Sasa kuna kifaa kidogo cha kukinga hayo matone. Nataka tukiangalie vizuri: ni nini, unakitengenezaje kwa hela kidogo, na muhimu zaidi, kinalipa au hakilipi. Maana sio kila kitu kizuri kina faida.

KIFAA CHENYEWE

Ni kisahani kidogo chenye tundu katikati. Unapitisha kijiti cha lambalamba kwenye tundu, kisahani kinakaa katikati ya barafu na mkono. Barafu ikiyeyuka, matone yanaishia kwenye kisahani, mkono unabaki mkavu. Nchi za wenzetu wanavitengeneza vya plastiki na vya silikoni, vingine vina mpini wa mtoto kushikia, na vinauzwa kama vyombo vya nyumbani.

Ukifikiria, hili tatizo la tone ni la zamani na watu wamelitatua kwa njia tofauti. Barafu yetu ya kifuko, ile ya mia au mia mbili, mtoto anang'ata kona na kufyonza. Kifuko chenyewe ndo kinga, tone linabaki ndani. Koni nayo ni kinga, ila hiyo unaila. Mwaka 1903 huko New York, Marekani, mtu anaitwa Italo Marchiony alipewa hataza ya kifaa cha kutengenezea vikombe vya kuliwa vya aiskrimu, na mwaka 1904 koni zikapata umaarufu mkubwa kwenye maonesho ya dunia ya St. Louis.

Halafu ikaja barafu ya kijiti. Frank Epperson wa California alipata hataza yake mwaka 1924. Kijiti ni kizuri, ni rahisi, mkono haugusi barafu. Ila kijiti hakina ukuta wala kikombe. Tone likitoka halina pa kwenda zaidi ya mkononi. Kwa hiyo kisahani kinakuja kuziba pengo ambalo kijiti kiliacha. Ukiuza barafu ya kifuko, hiki kifaa hukihitaji kabisa, usipoteze hela. Ukiuza ya kijiti, endelea kusoma.

KWANZA PUNGUZA TONE LENYEWE

Usikimbilie kununua kifaa kabla hujarekebisha mzigo wako. Lambalamba inayoyeyuka ndani ya dakika mbili, hata ukiiwekea beseni chini haitakusaidia.

1. Sukari. Sukari inafanya maji yagande kwa shida na yayeyuke haraka. Ukizidisha utamu, lambalamba inakuwa laini hata ikiwa imelala kwenye friza. Punguza kidogo kidogo, onja, pima tena.

2. Uzito. Juisi nyepesi kama maji inadondoka haraka. Ubuyu unasaidia sana hapa kwa sababu unga wake una pektini, kile kitu kinachofanya jamu ishikane. Njia nyingine ni kupika uji mwepesi sana wa unga wa mahindi laini ule wa dukani wa kuzidishia uzito, kijiko kimoja kwenye lita moja, uchemke, upoe, ndo uchanganye na juisi.

3. Ubaridi. Friza nzuri inakaa nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usifungue fungue. Na deli lako likiwa njiani lijae mzigo, likiwa nusu tupu joto linaingia kirahisi. Tandika kitambaa kikavu juu ya mzigo kabla ya kufunga.

4. Sehemu. Karatu mjini tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi uko kwenye mita 1,000 na kitu, na Mto wa Mbu nako ni chini hivyo hivyo. Ukipanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Kwa kawaida hewa inapoa kama nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000. Kwa hiyo lambalamba ileile itakaa vizuri Karatu, Mang'ola itakuwa inalia machozi, na kule juu asubuhi hakuna atakayekuuliza bei. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 hata mjini biashara inalala. Mzigo wa visahani usiununue kipindi hicho.

NJIA TATU ZA KUPATA KISAHANI

Njia ya kwanza: vikaratasi vya keki. Ni vile vikombe vya karatasi laini vya kuokea keki ndogo, vinapatikana maduka ya vifaa vya keki. Weka viwili kimoja ndani ya kingine, chana katikati kwa wembe, pitisha kijiti. Kimoja peke yake kinalowa haraka, viwili vinatosha mtoto kumaliza. Hii ndo njia ya bei ndogo kuliko zote.

Njia ya pili: kikombe cha karatasi cha kahawa. Kata ubaki na kitako na ukuta wa kama sentimita 3. Chana kitakoni. Hiki ni kigumu, kinabeba matone mengi zaidi, kinafaa kwa mtu anayepanda gari.

Njia ya tatu: kisahani cha kudumu cha plastiki au silikoni. Hiki humpi mteja bure, unamuuzia aende nacho nyumbani. Kama unajitengenezea mwenyewe kwa vifuniko, tumia vifuniko vya vyombo vya chakula tu. Kifuniko cha kopo la rangi, oili au dawa ya mifugo usikiguse hata ukikiosha mara kumi. Na ukingo usiwe na makali, huyo ni mtoto anakishika.

Siri iko kwenye mkato. Kijiti cha kawaida kina upana wa karibu sentimita 1. Wewe chana kama milimita 8 tu, ili kijiti kipite kwa kubana. Ukichana sana, tone litapita palepale pembeni ya kijiti na umefanya kazi bure. Kabla ya kuuza, pima: chomeka kijiti kitupu, mimina kijiko kimoja cha maji kwenye kisahani, shika dakika mbili. Vidole vikibaki vikavu, umefaulu.

SASA HESABU

Hapa ndo wengi tunapigwa. Tuchukue mfano, wewe utaweka bei zako.

Unauza lambalamba 500. Gharama yake yote ni 300. Faida 200. Kwa siku unauza 50, faida 10,000.

Vikaratasi viwili vya keki tuseme vinakugharimu 40. Ukimpa kila mteja bure, faida inashuka mpaka 160 kwa kila moja. Ili urudi kwenye 10,000 yako itabidi uuze 63. Yaani unahitaji wateja 13 wapya kila siku ndo uwe palepale ulipoanzia! Hiyo sio biashara, ni mazoezi.

Sasa geuza. Wale 50 wa kila siku, ambao hawajawahi kulalamika, wauzie kama kawaida. Kisahani mpe yule tu anayesita: mwenye mtoto mdogo, mwenye sare, anayepanda gari, anayetoka ibadani na nguo nzuri. Ukipata 12 wa namna hiyo, kila mmoja anakuachia 160. Hiyo ni 1,920 juu ya 10,000 yako. Jumla 11,920. Kifaa kilekile, karatasi ileile, tofauti ni nani unampa.

Na yule wa kawaida akisema "na mimi nipe hicho," mwambie kwa heshima kwamba ni shilingi 50. Akitaka atalipa, asipotaka hajakasirika, maana lambalamba yake anayo.

Vya kudumu navyo usilete katoni. Anza na vipande 10. Vikikaa mwezi mzima bila kuisha, umejua soko lako bila kufunga mtaji.

USIAZIMISHE

Najua kuna atakayesema, "Si nimuazime kisahani, akimaliza anirudishie?" Hapana. Sikiliza hii.

Zamani London aiskrimu ya barabarani ilikuwa inauzwa kwenye kigilasi kidogo. Unalipa peni moja, unalamba, unarudisha kigilasi, muuzaji anakipitisha kwenye maji, anamwekea mwingine. Watu wakawa wanahofia kipindupindu na kifua kikuu, na mwaka 1899 vigilasi hivyo vikapigwa marufuku. Ndo maana vyombo vya kuliwa na vya kutupa vikapata soko.

Sasa wewe uko mnadani, una ndoo moja ya maji tangu asubuhi, utaosha visahani vingapi? Cha karatasi kitumike mara moja. Cha kudumu kiwe mali ya mteja, akaoshe kwake kwa sabuni.

Tena kumbuka, yale matone yakijaa kisahanini mtoto atayanywa. Hilo sio baya kama kisahani ni kisafi na juisi yako umetengeneza kwa maji yaliyochemshwa. Kiukweli ni afadhali kuliko kulamba mkono uliotoka kushika ardhi. Ila mwambie mzazi asiache yakae, nzi hawachelewi.

WATEJA AMBAO HATUWAONI

Kule Mang'ola msimu wa vitunguu, mtu yuko shambani tangu alfajiri, mikono ina udongo. Joto lipo, kiu ipo, hela ya siku ipo. Kijiti kifupi kinamlazimu kushika karibu na barafu. Ukimpa yenye kisahani, mkono unakaa mbali na mdomo unabaki salama. Huyo ni mteja wa kweli.

Madereva wa watalii wanaoshuka kutoka Ngorongoro jioni wamechoka na wana vumbi, lakini kiti cha gari hawataki kiguswe na sukari. Kikombe cha karatasi kinawatosha.

Ila kwa hawa wanaopanda kwenda juu, kuwa muungwana, waambie wamalize kabla ya kufika Lango la Lodoare. Pale nyani hawana aibu, wakiona kitu kitamu wanakuja. Na uchafu wa hifadhini ni aibu yetu sote, maana ndo panapotulisha.

Hapohapo, usifunge visahani kwenye mfuko wa plastiki. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Weka boksi la takataka pembeni ya deli lako. Mteja akila palepale, anatupia humo, na eneo lako likibaki safi hakuna mtu wa kukuhamisha kwa sababu ya uchafu.

KAZI YA WIKI HII

Kabla hujanunua hata karatasi moja, chukua daftari. Kwa siku saba, kila anayekataa lambalamba yako andika sababu aliyosema: hela, baridi, mafua, au kuchafuka. Andika mstari tu, inatosha.

Kama "kuchafuka" ni watu wawili kwa wiki, achana na hii habari, hela yako iongezee ladha nyingine. Kama ni watu watano au sita kwa siku, basi nunua vikaratasi vya siku moja, jaribu, hesabu jioni. Daftari ndo litakwambia, sio mimi wala jirani yako wa genge.

Mtumie mwenzako mwenye deli, hasa yule ambaye kila mteja akikataa anakimbilia kushusha bei.

Kazi njema, wapambanaji.