Chanzo cha Mto Kama Mahali Patakatifu: Kutoka Himalaya Hadi Mlango wa Rusizi

1.0 Utangulizi

Katika historia ya ziwa Tanganyika lipo swali moja lililowasumbua sana wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19: je, mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka ziwani? Kwa watu wa Uvira jambo hilo halikuwa fumbo hata kidogo, kwani waliuona mto huo ukimwaga maji yake katika ncha ya kaskazini ya ziwa. Hata hivyo, neno lao lilitiliwa shaka kwa miaka 13.

Makala haya yanakusudia kueleza uhusiano uliopo baina ya swali hilo na jambo linaloonekana kuwa mbali nalo sana, yaani mahekalu ya miungu wa kike wa Wahindu na mahali pao pa hija katika milima ya Himalaya. Kwanza tutaeleza mahali hapo penyewe na maana yake kwa waumini. Kisha tutaona yaliyotokea Uvira mwaka 1858, na namna jiografia takatifu ya Wahindu ilivyogeuzwa kuwa ramani ya Afrika. Mwisho tutagusia suala la istilahi.

2.0 Mungu wa Kike na Chanzo cha Mto

Katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, yapo mahali pa hija panne panapotembelewa kwa pamoja: Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath. Kedarnath ni pa Shiva na Badrinath ni pa Vishnu. Mbili za kwanza ni za miungu wa kike ambao wao wenyewe ni mito, yaani Yamuna na Ganga.

Hekalu la Gangotri limejengwa zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Waumini husimulia kwamba Ganga alikuwa mto wa mbinguni. Mfalme Bhagiratha alifanya ibada ya kujinyima kwa muda mrefu ili mto huo uteremke na kuyatakasa majivu ya wazee wake. Ili dunia isivunjike kwa uzito wa maji, Shiva aliyapokea katika nywele zake, kisha akayaachia kidogo kidogo. Chanzo kinachoonekana kwa macho kiko mwendo wa kilomita 18 hivi kutoka hekaluni, mahali paitwapo Gaumukh, maana yake "mdomo wa ng'ombe", ambapo maji hutokeza chini ya barafuto. Hekalu hufunguliwa kati ya Aprili na Mei, na hufungwa baada ya sikukuu ya Diwali. Majira ya theluji yanapofika, sanamu ya mungu huteremshwa hadi kijiji cha Mukhba, nako huabudiwa mpaka njia ifunguke tena.

Si kila mungu wa kike wa milima hiyo ni mto. Nanda Devi ni jina la mlima wenye urefu wa mita 7,816, na pia ni jina la mungu anayehesabiwa na wanavijiji wa huko kuwa binti yao aliyeolewa na Shiva. Kwa desturi, kila baada ya miaka 12 hivi, hufanyika msafara mkubwa wa kumsindikiza binti huyo arudi kwa mumewe. Msafara wa mwaka 2014 ni mmojawapo. Huko Jwalamukhi, katika jimbo la Himachal Pradesh, kinachoheshimiwa ni miali ya moto itokayo katika nyufa za mwamba. Waumini husema kwamba hapo ndipo ulipoangukia ulimi wa Sati, mke wa Shiva, baada ya kifo chake.

Kwa mifano hii tunaona kwamba katika imani hiyo mahali hapabebi sifa ya utakatifu kwa sababu ya jengo tu. Mto, mlima au moto wenyewe ndio mungu, na hekalu huja baadaye. Kwa hiyo anayekwenda Gangotri haendi kuchunguza maji yanatoka wapi, bali kuoga, kuomba na kuchukua maji kidogo ya kupeleka nyumbani.

3.0 Ushahidi wa Uvira

Wazungu waliofika ziwa Tanganyika walikuwa wakitafuta chanzo cha mto pia, lakini kwa nia nyingine. Richard Burton na John Speke waliwasili Ujiji mwezi Februari 1858. Huko walisikia kwamba upande wa kaskazini upo mto utokao ziwani, wakatumaini kuwa ndio mwanzo wa Nili. Walipanda mitumbwi, na tarehe 26 Aprili 1858 wakafika Uvira. Katika msafara huo alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kupelekwa India utumwani, ambaye alizungumza na Speke kwa Kihindustani.

Kwa mujibu wa Burton mwenyewe, wana watatu wa mtawala Maruta walikuja kuwaona. Walieleza kwamba wamefika kwenye mto huo, na kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Watu wote waliokuwapo waliyathibitisha maneno hayo. Wapiga makasia walikataa kwenda mbele, hivyo wageni walirudi bila kuuona mlango wa mto.

Burton aliyaandika maneno hayo. Lakini mwaka 1864, katika ubishi wake na Speke, aliyageuka na kudai kwamba huenda Rusizi unatoka ziwani baada ya yote. Ilibidi kungoja hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi hadi mlangoni, ndipo ulimwengu wa kitaaluma ukakubali yaliyosemwa Uvira.

4.0 Jiografia Takatifu Iliyogeuzwa Ramani

Speke naye, aliyekubali kwamba Rusizi unaingia ziwani, alikuwa na udhaifu wa namna nyingine. Kabla ya safari iliyofuata, Rigby, balozi wa Uingereza huko Unguja, alimpa makala yenye ramani iliyotungwa na Francis Wilford, afisa wa jeshi nchini India. Makala hayo, yaliyochapishwa mwaka 1792, yalidai kwamba vitabu vitakatifu vya Wahindu viitwavyo Purana vinaeleza mto Nili, ziwa uliko mwanzo wake, na "Mlima wa Mwezi", yaani Somagiri. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke aliitoa ramani hiyo kuwa ushahidi kwamba Wahindu wa kale walizijua nchi hizi. Milima hiyo ya Mwezi yeye mwenyewe alikwisha kuichora kuzunguka ncha ya kaskazini ya Tanganyika.

Lakini ushahidi huo haukuwa na msingi. Mapema katika karne ya 19 Wilford mwenyewe alikuwa ameungama hadharani kwamba mwanazuoni aliyemwajiri alibadilisha maneno ya miswada ili yapatane na yale ambayo bwana wake alitaka kuyasikia.

5.0 Suala la Istilahi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeeleza mambo haya hukutana na maneno ambayo yana historia yao. "Hekalu" na "hija" yanafaa, ijapokuwa la pili lina harufu ya Makka. Neno linalohitaji hadhari zaidi ni "mzimu". Stanley alisimulia kwamba wasafiri wa ziwa hili walitupa nguo na shanga nyeupe majini walipopita mlima Kabogo ili kumridhisha mungu wa ziwa. Tendo hilo linafanana na sadaka za Gangotri, lakini mfanano wa tendo si mfanano wa imani. Mzimu huhusishwa na wafu na mahali pao. Ganga hakuwahi kuwa mfu wa ukoo wowote. "Mungu wa kike" ni bora zaidi.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kinalo neno linalolingana vizuri na istilahi ya Kisanskriti "tirtha", ambayo hutumiwa kutaja mahali pa hija. Maana yake ya asili ni kivuko: pale mtu anapovuka maji, na pale anapovuka kutoka dunia hii hadi ng'ambo ya pili. Watu wa ziwani hawahitaji maelezo marefu kulielewa.

6.0 Hitimisho

Tumeona ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa wa mdomo, wa watu waliokaa kando ya maji. Wa pili ulikuwa wa maandishi, nao ulipewa heshima ya kitabu kitakatifu. Wa mdomo ndio uliokuwa sahihi. Wala kosa la pili halikuwa la Purana, kwani mapokeo yale yalihusu wokovu, si vipimo vya mito ya Afrika. Kosa lilikuwa la waliotaka yajibu maswali yao. Kwa mtafiti wa leo anayekusanya masimulizi katika mwambao huu, fundisho ni moja: kabla ya kuuliza kama habari ni ya kweli, aulize kwanza msemaji anazungumzia nini, na amekaa wapi anaposema.