Kalemie: Tablo ya gari ikipauka na jua, kung'aa si kupona

Kwenye Avenue Lumumba na kwenye maparkingi ya Kalemie, si vigumu kukuta gari ambayo moteri yake bado inavuta vizuri, lakini ndani imechoka. Tablo imepauka, plastiki za milango zimegeuka kijivu, kitambaa cha plafo kimeshuka na kinagusa vichwa vya abiria. Mwenye gari ananunua chupa ya mafuta ya kung'arisha, anapakaa, na siku tatu hivi anaona kama gari imekuwa mpya. Wiki ikiisha, weupe umerudi, na vumbi linashika kuliko zamani.

Wengi wanasema ni bidhaa mbaya. Kweli kuna mafuta mabaya, lakini mara nyingi tatizo liko mahali pengine: plastiki imepakwa bila kuoshwa, au imepakwa kitu kinachoiua haraka zaidi. Na kuna jambo lingine ambalo mashofere hawalifikirii: tablo inayong'aa sana inaweza kumzuia mtu kuona njia vizuri.

Jua linafanya nini ndani ya gari

Kalemie iko karibu digrii 6 kusini ya ikweta. Jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Gari inayosimama nje inapokea jua hilo kutwa nzima.

Mwaka 2018, watafiti wa Arizona State University, Marekani, walipima magari yaliyoachwa juani kwa saa moja, siku ambazo joto la nje lilipita digrii 37. Hewa ya ndani ilifika wastani wa digrii 47. Volani ilifika 53. Tablo ilifika 69. Joto la Kalemie si la jangwa kama kule, lakini somo ni lilelile: ndani ya gari, tablo ndiyo inayoungua kuliko kitu kingine, juu ya kuwa iko chini ya kioo moja kwa moja.

Vioo navyo havifanani. Parabrizi imetengenezwa na vioo viwili vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati, na utando huo unazuia sehemu kubwa ya mionzi mikali ya jua. Vioo vya milango kwa kawaida ni kioo kimoja tu, na vinaachilia mionzi mingi zaidi ipite. Kwa hiyo tablo inaumizwa zaidi na joto, na plastiki na vitambaa vya milango vinapata joto na mionzi pamoja.

Plastiki laini, ile inayobonyea kidogo ukiigusa, mara nyingi imewekwa ndani yake mafuta ya kuilainisha kiwandani. Kila siku ya joto, kidogo cha mafuta hayo kinatoka. Ule ukungu wa kunata unaoupata ukipangusa parabrizi kwa ndani, sehemu yake ni mafuta hayo yaliyotoka kwenye plastiki na kwenda kukaa kwenye kioo. Yakipungua sana, plastiki inakauka, inajikunja, mwisho inapasuka.

Plastiki ngumu, kama ya milango na ya chini ya volani, yenyewe inageuka unga juu. Ngozi yake ya juu kabisa inaoza, inakuwa na mikwaruzo midogo ambayo jicho haliioni, na mwanga ukipiga pale unaonekana mweupe.

Si gari za kwetu tu. Nchini Marekani, wenye Toyota Camry za 2007 hadi 2011 na aina nyingine kadhaa walilalamika kwamba tablo zao zinayeyuka, zinanata na kung'aa mpaka zinawasumbua macho wakiendesha. Toyota ya kule ilifikia kurefusha garanti ili tablo zile zibadilishwe. Mtu wa Kalemie aliyenunua gari iliyokwisha kutumika Japani, ikapita Dar es Salaam na Kigoma mpaka kuvuka ziwa, hana garanti ya kwenda kudai. Kinachobaki ni kutunza.

Jaribu kwanza kwa maji

Kabla ya kutoa hata franka moja, fanya majaribio mawili.

La kwanza: lowesha kidole na upitishe kwenye sehemu iliyopauka. Kama inakuwa nyeusi sawasawa, halafu inarudi kuwa nyeupe ikikauka, rangi bado iko ndani. Ni ngozi ya juu tu iliyochoka, na plastiki hiyo inaweza kurudia hali nzuri bila rangi. Kama hata ikiwa na maji inabaki na madoa, rangi yenyewe imekwenda. Hapo mafuta yoyote yatakuwa kupoteza pesa.

La pili: sugua kwa kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na unga wa rangi ya plastiki, usipake kitu juu yake kabla ya kuosha. Unga ule utajichanganya na mafuta na kuwa matope.

Kuosha ndiyo nusu ya kazi

Vumbi la Kalemie, jasho la mikono, moshi, na mafuta yaliyopakwa miaka yote vinakaa kwenye vishimo vya plastiki. Kuvitoa hakuombi dawa ya bei kali. Chukua maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, vitambaa viwili laini, na brosi ya meno ya zamani.

Fanya kazi hiyo kivulini, gari ikiwa imepoa. Juani, sabuni inakauka kabla ya kupangusa na inaacha madoa. Chovya kitambaa, kikamue kabisa, ndipo upanguse. Usimwagie maji wala kupuliza dawa kwenye redio, vitufe vya vioo na matundu ya hewa: maji yakifika kwenye nyaya, tatizo linakuwa lingine. Brosi itumie kwenye mikunjo, taratibu, bila kukandamiza. Pangusa mara mbili kwa maji safi, halafu acha ikauke kabisa.

Wengine wanatumia esansi juu ya kuwa inatoa uchafu haraka. Ni kweli inatoa, lakini inatoa na yale mafuta yanayolainisha plastiki. Leo inang'aa, baada ya muda inapasuka. Na mvuke wa esansi ndani ya gari iliyofungwa unaleua kichwa, na cheche moja ya betri au ya sigara inatosha kuwasha moto. Esansi isiingie katika kazi hii.

Mafuta ya kupakaa: yapi ndiyo, yapi hapana

Mafuta ya mawese na mengine ya kupikia yanaonekana bei rahisi. Lakini yakipigwa joto yanaoza, yananuka, yananata, na vumbi lote linabaki pale. Vaselini inashika vumbi vilevile. Dawa ya viatu inatoka kwenye nguo za abiria. Mafuta ya moteri yaliyokwisha kutumika yana uchafu wa vyuma na masizi, si kitu cha kuweka mahali mtoto anaposhika.

Kwenye bidhaa za dukani, angalia ndani ya chupa. Zile nyeupe kama maziwa, zinazochanganyika na maji, kwa kawaida hazing'ai sana na haziachi mafuta mengi. Zile za maji maji kama mafuta, zinazoteleza, mara nyingi zina silikoni nyingi. Hizo ndizo zinazopendwa juu ya mng'aro, na ndizo zenye matatizo.

Asubuhi, Kalemie, jua linatoka upande wa ziwa. Gari inayoteremka kuelekea ziwani inalipata jua usoni. Tablo ikiwa inang'aa, mwanga wake unajionyesha kwenye parabrizi kama kioo cha kujitazamia, na shofere anaangalia njia kupitia picha ya tablo yake mwenyewe. Motari, mama mwenye beseni kichwani, mtoto wa shule: wote wanaonekana wakiwa wamechelewa. Viwanda vinatengeneza tablo nyingi zikiwa na rangi nzito na bila mng'aro kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo weka kidogo kwenye kitambaa, si kwenye plastiki. Pakaa, ngoja dakika kumi, halafu pangusa kwa kitambaa kikavu mpaka mkono usitelee tena. Na usipake kabisa kwenye volani, kwenye pedali, wala kwenye mkono wa vitesi. Mkono ukiteleza au mguu ukiteleza, hakuna mng'aro utakaosaidia.

Kama rangi yenyewe imekwisha

Hapo inaomba kupaka rangi, na ni kazi ya fundi mwenye subira. Kwanza piesi itolewe ndani ya gari. Nyuma yake mara nyingi kuna herufi zilizoandikwa kwenye plastiki: PP, ABS au PVC. Herufi hizo si mapambo. ABS inakubali rangi bila matatizo mengi. PVC inataka rangi inayoweza kujikunja pamoja nayo. PP inakataa rangi ya kawaida: bila dawa ya kwanza ya kushikisha, itatoka kama ganda la kitunguu.

Piesi ioshwe, isuguliwe kidogo kwa karatasi ya msasa laini, ipanguswe kwa alkoli ya famasi baada ya kuijaribu mahali pasipoonekana. Halafu rangi ya bombe isiyong'aa, tabaka jembamba mara tatu, kwa kungoja kati ya moja na nyingine. Tabaka moja nene linatiririka na halishiki.

Hapa ndipo silikoni ya zamani inalipiza. Gari iliyopakwa mafuta ya silikoni miaka mingi, rangi inakataa kutulia. Inajikusanya na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Fundi mzuri atauliza kwanza ulikuwa unapaka nini. Asiyeuliza, muulize wewe kwa nini.

Erbagi: hapo usiguse

Angalia kwenye volani na upande wa abiria wa mbele. Ukiona maandishi SRS AIRBAG, chini ya plastiki hiyo kuna mfuko unaofumuka kwa nguvu gari ikigonga. Plastiki ile imetengenezwa ikiwa na mstari uliofichwa, ili ipasuke pale na mfuko utoke.

Kuijaza rangi nene, kuibandika ngozi kwa kole, kuziba nyufa zake, au kuitandikia kapeti la manyoya lililoshikishwa kwa skrubu kunaweza kuuzuia mfuko, au kumrushia abiria vipande usoni. Sehemu hiyo ioshwe tu kwa kitambaa chenye unyevu. Kama piesi za karibu yake zinatolewa, Toyota inaagiza betri ikatwe na kungoja angalau sekunde 90 kabla ya kuanza kazi.

Plafo iliyoshuka

Kitambaa cha plafo kinashuka juu ya sponji nyembamba iliyo nyuma yake. Joto la miaka linaigeuza unga, na kole haina tena kitu cha kushika. Ndiyo maana kupitisha kole juu ya kitambaa, au kukishona kwa pini, hakudumu. Inabidi ubao wote wa plafo ushushwe, sponji ya zamani ikwanguliwe yote, halafu kitambaa kipya chenye sponji yake kibandikwe kwa kole inayovumilia joto. Milango ya gari ibaki wazi wakati wote: harufu ya kole ni sumu kwa fundi.

Kwa anayenunua: mng'aro unaficha

Muuzaji anayejua kazi atapakaa mafuta asubuhi ile unayokuja kuangalia. Pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na mafuta, ujue unachokiona ni chupa, si gari.

Kuna na jambo zito zaidi. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia sehemu za chini za Kalemie, na Uvira vilevile. Gari iliyolala ndani ya maji inaweza kuoshwa na kung'arishwa juu mpaka ikapendeza. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake: mstari wa matope ukibaki pale, ndio ushahidi. Inua moketi, nusa. Angalia vyuma vilivyo chini ya viti kama vimeshika kutu. Tablo nzuri haitatengeneza nyaya zilizooza.

Dawa ya kwanza ni kivuli

Plastiki iliyokwisha kupasuka hairudi. Yale mafuta yaliyotoka ndani yake hayarudishwi na chupa yoyote ya sokoni. Bidhaa nzuri inaweza tu kuifanya ipendeze na kuchelewesha ugonjwa. Kinachosaidia kweli ni kupunguza joto.

Katoni kubwa iliyokatwa kwa kipimo cha parabrizi na kusimamishwa kwa ndani gari ikiwa imesimama, haina bei na inazuia jua lisifike kwenye tablo. Mwembe wa parseli ya jirani unafanya kazi hiyohiyo, milango nayo ikipona. Kitambaa kinene juu ya tablo kinasaidia pia, mradi kisifunike erbagi na kisiwe na rangi inayomulika kwenye kioo. Kama hakuna kivuli, geuza gari jua la mchana lipige nyuma. Na vioo viachwe wazi kwa upana wa kidole, pale ambapo wezi si tatizo.

Halafu kuosha kwa maji na sabuni kidogo mara moja kwa mwezi, na wakati wa kiangazi, kuanzia Juni mpaka Septemba vumbi linapozidi, mara mbili. Mwenye gari anayefanya hivyo hatahitaji chupa kila wiki, na shofere wake ataona njia.