Tetemeko Ni Moja, Mtikisiko Si Mmoja: Ramani ya Kompyuta na Vilima Vyetu



Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri kwa saa za Tanzania, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, ambao wilaya yake ya Ngara inapakana na Muyinga. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, na nyumba nyingi za Bukoba na vijiji jirani zilibomoka.

Baada ya msiba wa namna hiyo, watu huuliza: kwa nini nyumba hii imeanguka na ya jirani imesimama? Wengine hukimbilia tuhuma: fundi ameiba saruji, au jirani ameroga. Tuhuma hizo huzaa ugomvi, na ugomvi huishia kituoni kwetu. Ni kweli kwamba ujenzi duni huangusha nyumba. Lakini mara nyingi sehemu ya jibu imo ardhini, chini ya msingi.

Weka bakuli la uji mzito mezani, kisha ugonge meza. Meza hutikisika kidogo na kutulia. Uji huendelea kuchezacheza. Ndivyo ilivyo ardhi. Mawimbi ya tetemeko hupita upesi katika mwamba. Yakifika kwenye udongo laini, kama ule wa mabonde yenye majimaji, hupunguza mwendo na kimo chake hukua. Mwaka 1985 jiji la Mexico liliathirika vibaya kwa tetemeko lililoanzia zaidi ya kilomita 300 mbali nalo, kwa kuwa sehemu kubwa ya jiji imejengwa juu ya tope la ziwa la zamani.

Umbo la ardhi nalo lina athari zake. Kileleni mwa kilima chembamba mawimbi hukusanyika, hivyo mtikisiko huweza kuwa mkali kuliko chini yake. Kwenye miteremko mikali, hasa baada ya mvua, udongo huweza kuporomoka.

Wataalamu hupima kasi ya mawimbi katika mita 30 za juu za ardhi. Kuchimba na kupima kila mahali ni gharama kubwa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2007 David Wald na Trevor Allen wa Shirika la Jiolojia la Marekani walieleza njia nyepesi. Walitumia vipimo vya miinuko vilivyochukuliwa kwa rada na chombo cha angani mwezi Februari 2000. Kompyuta hukokotoa mteremko wa kila sehemu: penye mteremko mkali hukadiria ardhi ngumu, na penye tambarare hukadiria udongo laini uliotuama. Tetemeko likitokea, makadirio hayo huingizwa katika ramani ya mtikisiko, nayo huwaonyesha waokoaji mahali pa kuanzia.

Hata hivyo, ramani hiyo ina mpaka wake. Kila kipande chake kilikuwa na upana wa takriban kilomita moja. Kwetu, kilomita moja huweza kubeba kilele, mteremko na bonde kwa pamoja. Kompyuta huona wastani. Mwenyeji ndiye ajuaye palipo na mwamba, palipojazwa udongo na palipowahi kuporomoka. Ujuzi huo wa wazee wetu uheshimiwe kabla ya kuchagua kiwanja.

Kwa hiyo, tunawasihi yafuatayo:

Anayejenga aepuke bonde lenye majimaji, udongo wa kujaziwa na ukingo wa mteremko uliochimbwa. Kuta za matofali zifungwe pamoja kwa mkanda imara juu yake, hasa paa likiwa la vigae vizito.

Ardhi ikitikisika, aliye karibu na mlango atoke hadi mahali pa wazi, mbali na kuta na nyaya za umeme. Aliye ndani zaidi ajikinge chini ya meza imara.

Baadaye, nyumba iliyopasuka isiingiwe, hata kwa kuchukua godoro, kwani mitikisiko midogo hufuata. Anayeacha nyumba yake wazi amjulishe mkuu wa kilima au kituo cha polisi kilicho karibu, ili wezi wasipate mwanya.

Toeni taarifa ya mlichokiona: mahali, saa, nyufa, na kama ni kileleni, mteremkoni au bondeni. Taarifa za wananchi husahihisha ramani. Msisambaze ujumbe wa simu unaotabiri siku ya tetemeko; hakuna mtaalamu awezaye kuitaja siku hiyo.

Siku ya tetemeko hatuichagui, lakini mahali pa kujenga twaweza kupachagua. Usalama ni jukumu letu sote.