Mtoto Anayedhuriwa na Dagaa: Ondoa Kimoja, Usimnyime Vyote

Kila alfajiri, wavuvi wa Rumonge, mji ulio kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, huteremsha dagaa waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Warundi huwaita ndagala. Wengine huliwa wabichi, wengine huanikwa na kupelekwa milimani. Katika nyumba nyingi za mwambao huo wa Ziwa Tanganyika, dagaa, ugali wa muhogo na mchuzi wa mawese ndicho chakula cha kila siku.

Basi mtoto mdogo akidhuriwa na dagaa, taabu huingia jikoni. Chukulia mfano wa askari polisi aliyehamishwa kutoka Gitega hadi Rumonge pamoja na mkewe na mtoto wao wa miaka miwili. Kule milimani mtoto alizoea maharagwe, ndizi na viazi vitamu. Huku ziwani anapewa uji uliotiwa unga wa dagaa. Nusu saa haijapita, vipele vimemtoka, midomo imevimba, naye anatapika. Mama anaondoa dagaa. Kesho yake jirani anasema kuwa mawese ndiyo mabaya, nayo yanaondolewa. Nyanya wa mtoto anatuma habari kwamba maharagwe humjaza mtoto tumbo, nayo yanaachwa. Baada ya miezi miwili mtoto hana vipele, lakini pia hana nyama mwilini. Amebakiwa na uji mtupu wa muhogo.

Hapo ndipo penye hatari. Uchunguzi uliofanywa nchini Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Wahenga walisema kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Katika chakula cha mtoto, mithali hiyo isifuatwe.

JE, NI CHAKULA KWELI?

Yafaa kwanza kuhakikisha. Mtoto akiharisha maji mengi mfululizo, asidhaniwe kuwa amedhuriwa na chakula: mwambao wa Rumonge umepata kukumbwa na kipindupindu mara nyingi, na mtoto huyo apelekwe kwenye kituo cha afya bila kukawia. Kutapika pamoja na homa kwaweza kuwa malaria. Tena, samaki aliyekaa juani kabla ya kuhifadhiwa aweza kumwasha na kumtapisha mtu yeyote. Wakidhurika watu kadhaa waliokula chungu kimoja, samaki ndiye atiliwe shaka. Akidhurika mtoto peke yake, na jambo hilo likarudia kila alapo chakula kile kile, huenda ana mzio.

Kinga ya mwili ni kama askari aliye lindoni. Katika mzio, askari huyo humdhania rafiki kuwa adui, akamshambulia. Mtoto akivimba ulimi, akipumua kwa shida au kwa mlio, au akilegea baada ya kula, akimbizwe hospitalini saa ile ile, kwani huhitaji sindano ya adrenalini. Mtoto wa namna hiyo asionjeshwe tena chakula hicho nyumbani kwa kujaribu.

ONDOA KIMOJA KWA WAKATI

Dalili zikiwa nyepesi na chakula chenyewe hakijajulikana, mganga aweza kushauri kiondolewe kimoja tu kwa majuma mawili hadi manne. Mzazi aandike katika daftari kila alichokula mtoto, saa aliyokula, na kilichotokea. Muda ukiisha, chakula hicho hurudishwa kidogo kidogo kwa shauri la mganga. Dalili zisiporudi, chakula hicho hakina hatia, na mtoto arudishiwe haki yake.

Aliyethibitika kudhuriwa na samaki mmoja aweza kudhuriwa na wengine pia. Kwa hiyo mukeke na sangala nao waepukwe mpaka mganga atakapotoa kauli. Kuchemsha, kukaanga au kukausha hakuondoi madhara. Mandazi yaliyokaangwa katika mafuta ya samaki hayamfai, wala sombe iliyopikwa na dagaa. Chakula chake kipakuliwe kwa mwiko wake, kabla dagaa hawajatiwa chunguni. Mvuke wa samaki anayekaangwa nao waweza kumdhuru. Akae mbali na jiko.

ZIBA PENGO

Dagaa humpa mtoto nyama ya mwili, chokaa ya mifupa na madini ya damu. Akiondolewa dagaa, hapana budi apewe badala yake: maharagwe yaliyoiva vema na kupondwa, yai, maziwa, karanga zilizosagwa laini, lengalenga, na uji wa soya, mahindi na mtama. Mawese mekundu yasitupwe bila sababu, maana yana vitamini A inayolinda macho. Kama bado ananyonya, asiachishwe.

Wazazi wengine huwanyima watoto wachanga karanga au mayai kwa kuogopa mzio usiokuwapo. Utafiti uliofanywa London na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kinyume: miongoni mwa watoto waliokuwa katika hatari ya kupata mzio, wale waliolishwa karanga tangu uchanga walipata mzio wa karanga mara chache kuliko walionyimwa. Anayenyimwa ni yule tu ambaye chakula kimemdhuru.

Katika kambi na mitaa, watoto hula kwa majirani, na hilo ni jambo jema. Basi jirani, dada wa kazi na mwalimu waelezwe waziwazi. Baba anaporudi kutoka zamu, asimletee mtoto kitafunio kabla ya kumwuliza mama. Mtoto na apimwe uzito kila mwezi. Mwaka 2006 serikali iliamua kwamba walio chini ya miaka mitano watibiwe bure. Uzito ukisimama au kushuka, daftari lile lipelekwe kwa mganga, ili aone ni chakula gani kimeondolewa bila kosa.