Ganda la kaboni juu ya chuma: ipi inafaa kwa kazi gani?

Fundi yeyote wa garaji huko Bukavu ao Lubumbashi anamjua adui wa moteri: chuma kinachosuguana na chuma. Mafuta yakipungua, kimoja kinakula kingine. Viwandani wamepata njia ya kupunguza hasara hiyo: kupaka juu ya chuma ganda gumu la kaboni, lenye unene wa maikroni chache tu, jembamba kuliko unywele.

Lakini maganda hayo ni ya aina mbalimbali, na tatu ndizo zinazolinganishwa zaidi.

Ya kwanza ni kaboni iliyochanganyika na hidrojeni. Inaweza kupakwa chini ya nyuzi 200, kwa hiyo haiharibu chuma kilichokwisha kukazwa kwa moto. Mahali pakavu inateleza sana. Ila joto likipita nyuzi 300 hivi, inaanza kulegea na kuwa kama risasi ya penseli.

Ya pili haina hidrojeni. Ni ngumu zaidi, na ndani ya mafuta ya moteri inateleza vizuri. Mwaka 2006, Nissan iliiweka kwenye vikombe vinavyosukuma valvu. Kasoro yake ni kwamba hewa ikikosa unyevu, msuguano unapanda.

Ya tatu ni almasi yenyewe, inayooteshwa kutoka kwenye gesi kwa joto la nyuzi 700 hadi 900. Inashinda zote kwa ugumu, lakini haifai kukata chuma, kwani kaboni yake inayeyuka ndani ya chuma chenye moto. Inapakwa kwenye vyombo vya kabaidi ya tungsteni, vya kukata grafiti ao aliminyumu.

Hapo ndipo Congo inaingia. Chembe za kabaidi hushikanishwa na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Ila kobalti ikibaki juu ya chombo, kaboni inageuka grafiti badala ya almasi, na ganda linabanduka. Viwanda huiondoa kwanza kwa asidi. Ujuzi kama huo ndio unaopandisha bei: sisi tunauza kobalti, wengine wanauza chombo.

Kwa hiyo mnunuzi asiulize tu ipi ni ngumu zaidi. Aulize joto la kazi, kama kuna mafuta, na kitu gani kitasuguana nayo. Tena chuma cha chini kikiwa laini, ganda litapasuka, kama kioo kilichowekwa juu ya godoro.