Kabla Hujaistaafisha LaserJet 1020

Katika saiba za Wote, Kibwezi, Mwingi na Kitui mjini bado utaikuta: printa ndogo iliyofifia rangi, imewekwa juu ya rimu mbili za karatasi, kitambaa kimetandazwa juu yake kuzuia vumbi jekundu. HP iliitoa LaserJet 1020 mwaka 2005. Huchapa kurasa 14 kwa dakika, haina Wi-Fi, haitoi rangi wala haiskani. Imependwa hasa kwa sababu ya katriji yake, 12A, ambayo haina chipu. Fundi huifungua, humimina unga wa tona, huifunga, na foleni ya wenye fomu za basari inasonga. Printa nyingi za HP za miaka ya karibuni hukagua chipu ya katriji na zinaweza kuikataa ile isiyo ya HP. Kwa aliyezoea kurefili, hiyo ni sawa na kuuziwa ng'ombe kisha ukakatazwa kumkama mwenyewe.

Sasa wenye saiba wanaambiwa mashine hii imezeeka, itupwe. Imezeeka kweli, lakini mara nyingi kinachokwama si printa. Ni kompyuta iliyo kando yake.

Printa za aina hii zilifanywa rahisi kwa kunyimwa akili. 1020 haijui herufi wala mistari; kompyuta ndiyo inayochora ukurasa mzima kama picha, kisha inaisukumia printa nukta za kuchapa. Tena haihifadhi hata programu yake ya ndani. Kila inapowashwa huamka tupu, na draiva iliyo kwenye kompyuta huipakia programu hiyo upya kupitia waya wa USB. Ndiyo maana stima ikipotea na kurudi, printa huwaka taa zake vizuri lakini haichapi kitu mpaka kompyuta nayo iwake. Ndiyo maana pia ukiichomeka nyuma ya ruta ili kila mtu aitumie, kwa kawaida inakaa kimya: ruta haina cha kuipakia.

Kwa hiyo uhai wa printa hii umo ndani ya draiva. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizotumika Ulaya kabla ya kufika huku hazitimizi masharti ya Windows 11. Mwenye saiba ananunua kompyuta mpya, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Draiva ya zamani huenda ikakubali, huenda ikagoma. Microsoft yenyewe ilitangaza Septemba 2023 kwamba itaacha hatua kwa hatua kuhudumia draiva za watengenezaji printa, ikielekea kwenye printa zinazojieleza zenyewe kwa kompyuta. 1020 haiwezi kujieleza.

Ushauri wangu wa kwanza ni wa kibahili: usiiuze kompyuta ya zamani. Itoe kwenye intaneti, iache iwe mtumishi wa printa, na umpelekee kazi kwa flashi uliyoichunguza virusi. Au iwekee Linux, ambayo bado inaielewa 1020 kupitia programu ya HPLIP na kiongezi chake. Ikiwa tatizo ni karatasi kukataa kuingia, usilaumu umri. Futa roli ya kuvutia karatasi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kwa vumbi la Mutomo kazi hiyo inafaa iwe ya kila mara. Ukurasa ukitoka na kivuli cha kijivu, mara nyingi ni drumu. Drumu ya 12A imo ndani ya katriji, na kila urefili huongeza uchakavu wake.

Siku ya kubadilisha ikifika kweli, muuzaji atakuonyesha printa ya tangi, kama Epson L3250. Hesabu yake inavutia. Chupa moja ya wino mweusi imekadiriwa kurasa 4,500, huku katriji mpya ya 12A ikikadiriwa 2,000. Makadirio yote mawili ni ya kurasa za majaribio zisizojaa sana. Fomu iliyojaa majedwali na nembo ya kaunti hula zaidi. Upande wa umeme, printa ya tangi ikichapa hutumia wati chache kuliko balbu nyingi za zamani. Ya leza hupasha roli yake hadi nyuzi zipatazo 200, na kila inapopasha huvuta mamia ya wati kwa mkupuo. Usiichomeke kwenye UPS ndogo. Anayefanya kazi kwa sola hana haja ya kufikiri sana: achukue tangi.

Wengine wafikiri. Tona ni unga wa plastiki unaoyeyushwa ukashikamana na karatasi. Wino wa mashine nyingi za tangi ni rangi iliyoyeyushwa majini, na tone la mvua au kidole chenye jasho linaweza kuuchafua ukurasa. Cheti cha PIN cha KRA husafiri kwenye mfuko wa shati kwa bodaboda. Tena vitundu vya wino hukauka mashine ikikaa bila kazi, na kuvisafisha hula wino uleule uliotaka kuuokoa. Saiba ya Kwa Vonza inayotegemea wanafunzi wa chuo kikuu cha SEKU, ambayo hupoa wakati wa likizo, ingechapa walau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila siku chache. Mimi ningebaki na leza ya rangi nyeusi kwa fomu na barua, ya kizazi kipya, baada ya kumwuliza fundi anayenirefilia kama katriji yake anaiweza. Tangi ningelinunua kwa picha na vipeperushi tu.

Na ile 1020? Chomoa roli, kibao cha kutenganisha karatasi na filamu ya kupashia joto uziweke. Jirani atakuja kuziulizia. Katriji zilizokwisha usizichome kwenye shimo la takataka: moshi wa plastiki yake utaingia kwanza dukani kwako. Zifunge kwenye mfuko na umrudishie fundi wa kurefili, maana maganda mazima bado yanamfaa.