Molekuli zikibanana zang'aa

BILA shaka unayo kalamu ile ya manjano ambayo wanafunzi hupaka juu ya maneno muhimu vitabuni. Tia wino wake kidogo katika glasi ya maji, kisha uiweke chini ya taa ya urujuanimno, ile ambayo makarani wa benki hukagulia noti. Maji yatawaka kijani. Lakini wino wenyewe, ukiwa ungali mzito, utauona umefifia.

Kwa nini? Molekuli za wino hupokea nishati ya taa na kuirudisha kama mwangaza. Zikiwa mbalimbali, kila moja hutoa wake. Zikisongamana hupokezana nishati hiyo hadi ikapotea kama joto. Mwanakemia Mjerumani, Theodor Förster, aliripoti jambo hili mwaka wa 1954 kuhusu kemikali iitwayo pairini, na kwa miaka mingi wanafunzi wakafunzwa kwamba msongamano huzima nuru.

Hayo hayakuwa mambo ya vitabuni tu. Mwaka wa 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, Marekani, walieleza jinsi ya kutengeneza taa kwa tando nyembamba za kemikali za kaboni. Skrini za simu nyingi leo zimetokana na kazi hiyo. Katika utando kama huo molekuli hubanana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni, hivyo mafundi wakalazimika kuzichanganya na kemikali nyingine ili kuzitenganisha.

Sasa sikia yaliyotokea Hong Kong. Mwanafunzi mmoja katika maabara ya Profesa Ben Zhong Tang (usimchanganye na yule wa Kodak), katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong, alidondosha tone la kemikali ya jamii ya siloli juu ya kibao cha kupimia. Akamulika. Giza tupu. Majimaji yalipokauka, doa lile likang'aa!

Kulingana na vitabu, ilipaswa kuwa kinyume. Ingekuwa rahisi kumwambia kijana aoshe vyombo na kuanza upya. Badala yake jambo hilo lilichunguzwa, na mwaka wa 2001 likachapishwa.

Siri imo katika umbo. Molekuli hiyo ni kama feni yenye mapanga kadhaa. Ikiyeyushwa, mapanga huzunguka apendavyo kila mmoja, na nishati yote huishia katika mzunguko huo. Ikikauka, molekuli jirani huyakaba mapanga yasizunguke, na nishati haina pa kutokea ila kama mwangaza.

Walijuaje? Walipoipoza kemikali hiyo ikiwa bado imeyeyushwa, mwangaza uliongezeka, kwa sababu baridi hupunguza mchezo wa mapanga. Walipoongeza glisarini, hii hii tunayopaka ngozini, uliongezeka pia, maana ni vigumu kuzunguka ndani ya kitu kizito.

Labda utauliza kuhusu vile vijiti vya sherehe vinavyong'aa ukivikunja. Hivyo ukivitia katika maji moto huwaka zaidi, ila huzimika mapema. Nuru yao hutokana na kemikali zinazoungana humo ndani, na joto huharakisha muungano huo. Kwa hivyo usidhani joto hufanya kazi moja kila mahali.

Faida ya ugunduzi wa Hong Kong ni kwamba sasa watafiti hutengeneza molekuli zinazokaa kimya katika majimaji, kisha zinawaka zikishanata kwenye bakteria au seli za saratani. Kwa wino wa kawaida, mtafiti hulazimika kwanza kuosha na kuondoa ule uliobaki bila kunata, la sivyo kila kitu kitang'aa pamoja. Kwa hizi, palipo giza hapakunata kitu.